Mwalimu Aloisi Bagula na Nyasi za Makaburi ya Larkin

Ndugu waombolezaji, mbele ya jeneza hakuna nafasi ya uongo. Mwalimu Aloisi Bagula aliwafundisha watoto wake hivyo, na wasifu wake utasomwa hivyo.

Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1956. Alisoma kwenye shule ya misheni, akapata diploma ya ualimu mwaka 1976, akafundisha historia hadi vita vilipomtoa nyumbani. Tarehe 18 Julai 1981 alimwoa Nzigire, na Mungu akawapa Jolie na Polycarpe. Familia iliishi miaka sita katika kambi ya Nakivale, Uganda. Mwezi wa Agosti 2010 ilivuka bahari ikafika Louisville, na marehemu akapanga masanduku katika ghala moja la Shively. Mwaka 2014 alipata kazi kwenye ghala la Hilliard, karibu na Columbus, akanunua nyumba hapa Larkin, mji wa watu mia nne uliozungukwa na mahindi.

Makaburi ya mji yalimkera. Nyasi zilifika kiunoni.

“Baba Jolie,” Mama Nzigire alimwambia, “hii kaburi ya bazungu iko mu pori, kama haina benyewe!”

“Bon, tutaisafisha. Ni aibu.”

Jumamosi ya tarehe 28 Mei 2016, siku mbili kabla ya sikukuu ya kuwakumbuka wafu, alikuja na wanaume wanne wa kanisa na mafyekeo. Hadi saa sita hawakuacha unyasi umesimama. Wakaosha pia mawe ya makaburi. Mama Dorothy, mkuu wa kamati ya makaburi, alipofika, marehemu alivua kofia akingoja kushukuriwa. Mama yule alikaa chini akalia.

Nchi hii yote ilikuwa mbuga ya nyasi ndefu. Jembe liliigeuza yote kuwa mashamba, isipokuwa eka hii moja, kwa sababu wafu walikuwa wamelala ndani yake. Wazee wa Larkin waliilinda, pamoja na nyasi zake za asili, kwa miaka mia moja na themanini.

Mji ulikasirika. Wako waliosema wageni hawa warudi walikotoka. Katika mkutano wa mji, Jolie, aliyekuwa mkalimani, alitaka kumtetea baba yake kwa kusema kwamba hakujua Kiingereza.

“Hapana, mama,” marehemu alimkatiza binti yake. “Tafsiri vile nasema. Nilikuwa mwalimu wa historia na sikuuliza historia ya mahali. Kosa ni yangu.”

Kisha Mama Dorothy akasema, “Basi njoo Jumamosi, uulize.”

Alikwenda Jumamosi ile na nyingine nyingi. Alionyeshwa jiwe kwa jiwe: mkunga, mhunzi, watoto watatu wa nyumba moja waliokufa kwa kipindupindu katika juma moja. Mizizi ya nyasi zile hushuka ardhini kupita kimo cha mtu. Kufikia Septemba zilimfika begani. Akawa mlinzi wa eka ile. Wanafunzi walipoletwa, ni yeye aliyewasimulia habari za Larkin kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na ole wake mtoto aliyekanyaga kaburi.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Aliuguzwa Columbus, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 3 Juni 2025. Aliacha agizo moja: azikwe hapa, na nyasi zisikatwe.

Agizo hilo liligawanya ukoo. “Tumuache baba mu pori?” Polycarpe alilia. “Batu batasema hakuzaa!” Mdogo wa marehemu, Theogene, anayewasomea wasifu huu, alimwunga mkono; alikuwa amekwisha kuulizia kaburi Louisville, penye majani yaliyonyolewa vizuri. Mama Nzigire akawauliza swali moja: “Nyinyi mulimuuliza yeye?” Hakuna aliyemuuliza; ndipo wakamwuliza Mama Nzigire sababu za marehemu, naye akawaeleza.

Kwa hiyo tuko hapa. Desturi yetu ni kufyeka kaburi siku ya arobaini. Fyekeo liko ndani ya gari la Polycarpe; amelileta kutoka Shively, na atarudi nalo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Nzigire, Jolie wa Kenmore, karibu na Buffalo, Polycarpe wa Shively, wajukuu watano, mdogo wake Theogene, na Mama Dorothy, mwenye miaka tisini na mmoja, ambaye ameomba aandikwe miongoni mwa ndugu. Tumemwandika.

Mwalimu, safari hii tumeuliza. Pumzika kwa amani, nyasi zikufunike.