Waya kwenye Funguo za Wendell Tollefsrud

Mchungaji, shemeji yangu Marlys, binti zake Kirsten na Paula, majirani wa Ziwa Ekdahl, nanyi mliotoka mbali mkaja na boti zenu kwenye trela kwa heshima yake, mimi ni Curtis Tollefsrud, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wiki tatu zilizopita kaka yangu aliniita kando ya kitanda chake akaniambia, "Curt, ukisoma historia yangu, anza na kasoro." Nikamuuliza kasoro zipi, naye akajibu, "Zile za kweli," kisha akageukia ukutani akalala. Nimejaribu kuanza nazo nikashindwa, kwa hiyo nitaanza na kuzaliwa kama wanavyofanya watu wote, na kasoro nitazifikia, maana msipozisikia leo nitakuwa nimemkosea mara ya pili.

Wendell Arne Tollefsrud alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, katika shamba la wazazi wetu, Arne na Selma Tollefsrud, maili nne kaskazini ya mji huu wa Nordby, jimbo la Minnesota, siku ambayo theluji ilifunga barabara hata mkunga akaletwa kwa trekta. Alikuwa mtoto wa kwanza, dada yetu Inga alifuata na akatangulia mbele ya haki mwaka 1990, na mimi nilizaliwa mwaka 1958, nikiwa wa mwisho na, kwa maneno yake mwenyewe, mwenye kelele kuliko wote.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa Nordby, akamaliza tarehe 2 Juni 1967, na mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba kijana ana akili lakini anatazama dirishani, jambo ambalo mama alilisoma mezani kwa hasira, na Wendell akajibu kwamba dirisha lile linatazama ziwani, sasa alitaka atazame wapi. Tangu Februari 1968 hadi Novemba 1971 alitumikia jeshi la wanamaji kama fundi wa injini, akarudi na cheti, na kikohozi cha sigara ambacho alikiacha, na tabia ya kupanga spana kwa ukubwa ambayo hakuiacha hata siku moja.

Tarehe 9 Juni 1973, siku ya Jumamosi, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Marlys Ostby, ambaye alimwona kwa mara ya kwanza akivutwa nyuma ya boti ya mjomba wake, amesimama juu ya ski moja, ubao wa kutelezea majini, maji yakiruka pande zote, na Marlys amekuwa akisema kwa miaka hamsini na moja kwamba Wendell aliitazama boti kwanza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kirsten aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1975 na Paula aliyezaliwa tarehe 11 Januari 1979, na wajukuu wanne, ambao wote walisimama kwenye ski kabla hawajajua kuendesha baiskeli.

Baada ya jeshi alifanya kazi katika karakana ya matrekta hapa mjini hadi mwaka 1984, lakini kazi aliyozaliwa nayo ilianza Oktoba 1978, aliponunua boti ya kuvutia ski iliyokuwa imelala miaka sita ndani ya ghala la nyasi, zile za injini ya ndani, injini katikati chini ya sanduku lake na shafti ikipita sakafuni, panya wakiwa wamekula viti, na mbao zilizo chini ya sakafu zimeoza hata unaweza kuzichota kwa kijiko. Aliipasua yote, akatoa mbao mbovu, akaweka mpya akazifunika kwa faibaglasi, akabadilisha kabureta na propela, akashona viti na Marlys kwenye meza ya jikoni, na majira ya joto yaliyofuata akaiuza kwa daktari wa meno mmoja, na tangu hapo hakuacha, akinunua, akitengeneza na kuuza, boti mia moja thelathini na moja kwa hesabu ya Kirsten.

Mliokuwa wateja wake mnajua namna alivyouza. Tangazo la Wendell lilianza na kasoro, na mara nyingine liliishia hapo hapo. Ninalo moja la mwaka 1993, linasema, "Mkwaruzo ubavu wa kushoto. Kiti cha nyuma hakifanani na cha mbele. Saa ya injini imekufa, kwa hiyo siujui umri wake, na anayekuambia anaujua anakudanganya. Inavuta vizuri." Mtu akifika kutoka kusini ya jimbo, amechoka na njia, Wendell alimpa bisibisi akamwambia, "Lala sakafuni, ugonge mwenyewe kwa mpini. Ikilia kavu, mbao ni nzima. Ikilia bufu, zimeoza, rudi kwa mkeo," na wapo watu wazima humu ndani, wanasheria na wakulima, waliolala kifudifudi katika ua wetu wakigonga sakafu ya boti wakiwa ndani ya suti zao.

Sasa nimefika kwenye mwaka 1997, na ninaomba mnivumilie.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi nilikuwa mlevi. Pombe yangu ya mwisho niliinywa tarehe 2 Machi 1997, na wiki hiyo hiyo Wendell alinihamishia chumba cha juu ya karakana yake, akanipa kazi, akanipa funguo, na jambo la funguo lilinitoa machozi kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniamini na funguo kwa muda mrefu. Oktoba ya mwaka ule alinipa kazi ya kutoa maji kwenye injini za boti zote kabla ya baridi, kazi ambayo kila mtu wa ziwa hili anaijua, unafungua vizibo viwili vya shaba ubavuni mwa bloku, ule mwili wa chuma wa injini, maji yanatoka, injini inalala kavu hadi majira yafuatayo, na ukiacha maji ndani yanaganda, yanavimba, yanapasua chuma. Aliyetoa maji aliandika kwa penseli, ndani ya kifuniko cha sanduku la injini, tarehe na herufi za jina lake, hiyo ikiwa sheria ya karakana.

Kwenye boti moja nyekundu nilifungua kizibo cha kulia, yakatoka matone mawili, nikasema imekwisha, nikafunga, nikaandika C.T., nikaenda kula. Sikujua, au nilijua nikapuuza, kwamba nyuma ya kizibo hukaa tope la kutu, tope linaziba tundu, na maji yanabaki yote ndani kama hakuna aliyeyagusa. Inatakiwa uchokoe kwa waya. Wendell alikuwa amenionyesha. Sikuchokoa.

Jumamosi tarehe 16 Mei 1998 Wendell aliiuza boti ile kwa Bi Lorraine Kubisiak, ambaye yuko hapa mstari wa tatu, mwalimu wetu sote, aliyekuwa amefiwa na mumewe majira ya baridi yaliyotangulia na ambaye alitaka kuendeleza klabu ya ski waliyoianzisha wawili. Wakati wa majaribio ufa ulikaa kimya. Wiki mbili baadaye, tarehe 30, siku ya kufungua klabu, gati limejaa watu, injini ilizimika katikati ya ziwa, na walipoivuta hadi kando Wendell akachomoa kijiti cha kupimia oili, oili imechanganyika na maji, rangi ya kahawa iliyomiminiwa maziwa, na kila fundi pale akajua kwamba bloku imepasuka kwa baridi.

Wendell akafungua kizibo cha kulia, akaingiza kidole, kikatoka na tope. Akanitazama. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika kamba. Akainama, akafunika lile sanduku, akasimama akasema mbele ya watu wote, "Bi Lorraine, hii niliitoa maji mimi. Nilikosea. Nitakuwekea injini nyingine." Ndipo mtu mmoja kutoka nyuma, sitamtaja, akasema, "Wendell, hii mbona haikuwa kwenye tangazo?" na gati zima likacheka.

Mnalikumbuka neno lile, maana mlilitumia miaka mingi, chumvi ikizidi kwenye supu ya viazi katika ukumbi wa chini ya kanisa, hii haikuwa kwenye tangazo, mvua ikinyesha siku ya harusi, hii haikuwa kwenye tangazo. Mimi nililisikia kwa kinyozi nikacheka pamoja nanyi.

Injini aliiweka ndani ya siku kumi na mbili, lakini habari ilikuwa imekwisha kuzunguka kwamba Wendell Tollefsrud alimuuzia mjane boti iliyokufa, na kwamba alijua. Misimu miwili, 1998 na 1999, hakuna aliyekuja kugonga sakafu katika ua wetu, kaka yangu akaendesha basi la shule, na shemeji yangu Marlys akaenda kupakua chakula katika jiko la shule ile ile, mpaka mwaka 2000 alipokuja mtu wa Iowa ambaye hakuwa amesikia lolote. Mimi wakati wote huo nililala juu ya karakana, nikala mezani kwao, nikanyamaza. Sikumuuliza kwa nini, naye hakuniambia, lakini sote wawili tulijua kwamba sikuwa nimefikisha mwaka mmoja na nusu bila chupa, na kwamba aibu kama ile ingenirudisha baa kabla jua halijazama.

Kuanzia hapo kila boti iliyotoka kwa Wendell ilikuwa na kipande cha waya wa shaba kwenye pete ya funguo, urefu wa kidole, kimekunjwa nchani. Mlidhani ni pambo lake, wengine mlidhani ni alama ya bahati. Ni waya wa kuchokoa tope, na ninaamini alitengeneza wa kwanza kwa ajili yangu, kwa sababu asubuhi moja mwezi Juni niliukuta juu ya mto wangu.

Ijumaa iliyopita, siku moja baada ya kaka yangu kufariki, nilikwenda kwa Bi Lorraine nikaomba kuiona boti, ambayo angali nayo, na tukafungua sanduku la injini. Ndani ya kifuniko kuna tarehe kwa mwandiko wangu, na juu ya C yangu kaka yangu aliandika W, akaikandamiza penseli mpaka mbao ikaingia ndani, lakini C bado inaonekana chini yake. Nilimwambia kila kitu tukiwa jikoni kwake. Akasema, "Miaka ishirini na sita nimempa huyo mtu mkono kanisani bila kumtazama usoni. Usiniambie mimi hapa jikoni, Curtis. Kawaambie wale waliocheka." Jana nikamwambia Marlys. Alikuwa anapaka siagi mikate ya leo, hakuacha kupaka, akasema tu, "Nilipakua viazi miaka miwili, Curtis," na baadaye akanisogezea sahani akaniambia nile. Sijui kama ni msamaha. Nilikula.

Ugonjwa wa kaka yangu ulianza Februari 2022, pumzi zikawa fupi, madaktari wakagundua kwamba mapafu yake yamekakamaa, akaendelea na kazi akiwa na mtungi wa oksijeni kwenye kigari mpaka Agosti mwaka huu, boti ya mwisho aliimaliza akiwa ameketi, akinielekeza kwa fimbo na kunitukana kwa upendo, na Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, Marlys akiwa amemshika mkono, alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya wilaya waliokuja nyumbani hata barabara zilipokuwa mbaya, majirani mlioondoa theluji kwenye njia yetu bila kuombwa, madereva wenzake wa basi la shule, mafundi mliomletea vipuri na maneno, akina mama wa kanisa mliopika, na Bi Lorraine, aliyekuja.

Nami niseme kama yeye angesema. Wendell Tollefsrud, wa mwaka 1949. Alikuwa mbishi. Sikio la kushoto halikusikia, na la kulia lilisikia lilichotaka. Hakumwazima mtu spana. Alimfichia mdogo wake kosa, na hilo nalo ni kasoro, maana lilimnyima jina jema, likamtesa mkewe, na likaniacha mimi na mzigo ambao ningepaswa kuubeba mchana kweupe. Alivuta vizuri. Ile ya mwaka 1998 haikuwa yake, ni yangu, ifuteni kwake muiandike kwangu, na anayetaka kucheka anicheke mimi, nipo, mnajua ninapokaa.

Ni Oktoba. Mkitoka hapa mnywe kahawa, kisha mwende nyumbani mkatoe maji kwenye injini zenu, na msiridhike na matone mawili, waya mnao.

Lala, kaka. Za karakana yako nimezimaliza zote jana, nimechokoa kila tundu, na ndani ya kila kifuniko nimeandika C.T.