Kazi ya Binti wa Fundi Viatu

Kahawa yangu nauzia nje ya kinyozi, kwenye benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wateja wangu wa asubuhi ni walewale, na kwa ubishi sijaona wa kuwashinda. Kuna Kinyozi mwenyewe, mwenye majibu hata ya maswali ambayo hajaulizwa. Kuna dereva wa lori tunayemwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna. Na kuna Fundi Viatu, ambaye leo kaja kachanganyikiwa. Bintiye ni muuguzi, miaka sita wodini, akaongeza masomo, na sasa wizara inamtaka akafanye kazi ng'ambo miaka miwili. Binti kasema bila baraka za baba hasaini. Jibu linatakiwa kabla ya saa sita, na saa tano imeshapita.

Kinyozi: Kazi yenyewe ni ipi?

Fundi (anasoma kwenye simu): Majadiliano ya biashara ya kimataifa na sera ya afya.

Breki: Hee! Hizo kazi tatu, mshahara mmoja. Wanamwonea mtoto!

Kinyozi: Tulia wewe. Hiyo maana yake wao wanatupa mashine, sisi tunawapa wagonjwa wa kujifunzia.

Fundi: Wagonjwa wetu?

Breki: Muongo huyo! Mimi nimelala mpakani siku tisa na shehena ya dripu, karatasi moja haina muhuri. Binti anaenda kupiga mihuri.

Kinyozi: Dripu cha mtoto. Siku hizi hata mafua yakitoka nje yanalipiwa ushuru.

Fundi: Jamani, mwanangu ananisubiri. Nimwambie nini?

Nilimwonea huruma. Kikombe chake kilikuwa kimepoa hajakigusa. Kinyozi akasema dawa ni kuona kwa macho, kwa hiyo wafanye mazoezi. Akakaa ncha moja ya benchi akawa nchi tajiri, Breki akakaa ncha nyingine akawa sisi, katikati wakaweka chupa ya spiriti ya kunyolea, eti ndiyo dawa.

Breki: Punguza bei.

Kinyozi: Sipunguzi.

Breki: Basi naondoka!

Akaondoka kweli, hatua kama tatu hivi, akageuka kuona kama anaitwa.

Breki: Mbona huniiti?

Kinyozi: Nikuite kwani mimi nina shida? Dawa si ninayo?

Fundi: Ndivyo mwanangu atakavyofanya huko, miaka miwili?

Kinyozi: Huko wana meza ndefu zaidi.

Mama mmoja alikuwa amesimama hapo muda, cheti cha daktari mkononi, akisubiri kuulizia duka la dawa. Akalitazama benchi, huku na huku.

— Samahani wanangu, na mgonjwa mmemkalisha wapi?

Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaitazama chupa. Mimi nikajifanya napuliza mkaa, maana hata mimi sikuwa nimemfikiria.

Fundi akapiga simu.

— Mwanangu, nenda. Saini uende. Kazi yenyewe bado sijaielewa hata kidogo, nisikudanganye. Ila hapa tumejaribu kuifanya wanaume wazima, na mgonjwa tukamsahau.