Mama Clémentine na "Shame on You" Yake

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu katika maternite yetu, wodi ya wazazi, hapa Likasi, Mama Clémentine anavua koti lake jeupe na kwenda kupumzika. Ndiye mkunga aliyepokea watoto wa mtaa wa Shituru, kisha akapokea watoto wa watoto hao.

Alifika akiwa binti mwembamba, ndiyo kwanza ametoka shule ya wauguzi. Punde akatumwa Ndola, Zambia, kwa mafunzo. Kiingereza chote alichorudi nacho kilikuwa sentensi moja ya mkunga mkuu wa kule: "Shame on you!" Maana yake ni "ona haya", na Mama hakumnyima mtu. Ilimpata muuguzi aliyesahau kunawa mikono, baba aliyekuja kumwona mtoto akinuka bia, hata daktari aliyemfokea mgonjwa. Bibi mmoja wa Kapolowe alidhani ni baraka, akaitikia "Amina."

Siku moja haikuwa mzaha tena. Laure alikuwa amejifungua, na damu haikukoma kumtoka. Damu ya mumewe, Arsène, ilipatana na yake. Lakini Arsène, fundi mwenye mabega mapana, aliona sindano akarudi nyuma mpaka nje ya mlango.

"Shame on you!" Mama alimwambia, akamgeukia Laure.

Arsène akamuuliza Michée, karani wetu wa mapokezi: "Ule mama anasema nini?"

"Anasema usikie haya, papa."

Arsène akajifuta uso, akaingia tena. "Mama, haya niko nayo. Na woga niko nayo pia."

Mama akalainika. "Hata minye niko na woga, mutoto yangu. Leta mukono."

Akamshika mkono wa pili mpaka mfuko wa damu ukajaa. Laure alipona. Tangu hapo, kabla ya kumkemea mtu, Mama humuuliza kwanza anaogopa nini. Arsène naye huja kutoa damu kila mwaka, macho ameyafumba.

Tangi la maji la wodi yetu nalo ni jasho lake: aliwasumbua wakubwa mpaka likaletwa.

Sasa anakwenda Kapolowe kulima mahindi na mumewe, Papa Georges, aliyezoea kula chakula cha jioni peke yake.

Mama Clémentine, aksanti sana. Mungu akujalie afya, mvua kwa wakati wake, na usingizi ambao hakuna atakayekuja kuukatiza kwa kugonga mlango.