Kutu ya Chumba cha Mwisho

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu mwenyekiti wa wakulima, wafanyakazi wenzangu wa maabara, ndugu wageni waalikwa, na wewe shemeji yangu uliyevaa suti kwa ajili yangu: nawasalimu nyote.

Aliyenitangulia amenitaja kwa jina langu refu la kwenye cheti, nikageuka kumtafuta huyo mama ni nani. Humu ndani mimi ni Mama Kutu. Jina hilo nimeachiwa na marehemu mume wangu, aliyeileta kutu ya ngano kwenye chumba cha mwisho cha maabara hii, kutoka shamba la mama yake, ikiwa juu ya jani moja lililokaribia kukauka.

Wageni wetu, mnajua kuvu hii inavyofanya kazi? Kijimbegu chake, chepesi kama vumbi, hutua juu ya jani kikasubiri umande. Kikilowa hutoa uzi, na uzi huo hutambaa ukipapasa mpaka ufikie kitundu ambacho jani hupumulia. Hapo hupenya, ukanyonya ndani kwa ndani, jani likiwa bado kijani na mkulima akijipongeza. Siku anapoona unga mwekundu umepasua ngozi ya jani, upepo umeshaupeleka kwa jirani.

Mume wangu alikuwa akizima taa ya chumba hicho, ananiambia, "Tumwache. Anatafuta mlango gizani." Nami nilimjibu kwamba mimi hajawahi kunisubiri kwa subira hiyo.

Kutu haikui juu ya jani lililokufa, na friji letu, ambamo unga wake ungehifadhiwa, mnazijua tabia zake. Kwa hiyo tuliitunza kwenye miche hai. Majani yakichakaa, tuliuhamisha unga kwa brashi hadi kwenye miche michanga, ili kila mbegu mpya ya ngano ipambane na adui yule yule. Mume wangu alipolazwa hospitali, hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza, "Kutu yangu haijambo?" Nikamwambia haijambo. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho.

Hatukujaliwa mtoto. Kitu pekee alichokiacha kikiwa hai ni ugonjwa huo, na nimemkumbuka kila niliposhika brashi ile.

Sasa mbegu isiyoshikwa na kutu hiyo imepatikana, na tumeipigia makofi hapa. Kesho chumba kinasafishwa, na miche yote itaingia kwenye tanuri. Je, sikutamani kutoka na mche mmoja kwenye mkoba? Nilitamani sana. Lakini dirishani kwangu upepo unapita, na nyuma ya ukuta kuna ngano ya mtu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, zawadi zenu za kustaafu kwangu nimezipokea kwa mikono miwili. Naomba moja zaidi: kesho trei ya miche hiyo niibebe mimi hadi kwenye tanuri. Na kesho kutwa mkiniona getini nimekuja kwa mazoea, msinicheke. Nirudisheni nyumbani taratibu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Ndugu mlinzi, naomba ufunguo wa chumba cha mwisho. Leo sijaimwagilia.