Godoro la Baba Mkwe

Macho hayana pazia, na masikio nayo hayana mlango. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa treni, alikuwa amekaa kiti cha nyuma ndani ya basi wakati fundi magodoro aliyekaa mbele yake alipomuuliza dada mwenye sare ya benki kama atakayelilalia godoro hulala chali au ubavu.

"Sijui, ni baba mkwe," dada akajibu. "Nitengenezee jembamba. Analala sebuleni, asubuhi tunalikunja liwe kochi."

"Mtu mzima anahitaji nene, dada. Mgongo utamuua."

"Likiwa nene atanogewa, kaka."

Mzee akatazama dirishani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye mwanawe alimpa kochi la kukunjua, na kila siku husinzia amekaa, akingoja wajukuu wazime televisheni ndipo apate kitanda.

"Hata nene linakunjika," fundi aling'ang'ania. Basi likasimama, mzee akainuka ameshika kiuno. "Haya, tumuulize huyu hapa. Shikamoo mzee. Wewe ungechagua lipi?"

"Marahaba," mzee akasema. "Lisilokunjwa."

Akashuka.