Mikebe ya Maharagwe ya Mzee Njuki

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, Mzee Hezekiah Njuki anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano katika maabara yetu ya udongo hapa Embu. Mimi hupokea sampuli mlangoni, kwa hivyo matope ya viatu vyake nayajua vizuri.

Alianza mwaka 1989 akichekecha udongo. Kazi iliyompa jina ni ya dawa za kuua magugu: dawa inashikwa wapi, na inashuka hadi wapi. Alichimba, akatia udongo wa kila futi katika mkebe wake, akapanda maharagwe. Yakigeuka manjano, basi dawa imefika hapo. Siku moja Makandi wa chai alichuma yale majani akidhani ni mboga ya ofisi. Tunamshukuru Mungu, mkebe ule haukuwa na dawa. Mpaka leo Mzee humwita mpishi wa sumu, naye Makandi humnyima sukari.

Lakini mimi nina langu. Mwaka 2007 mume wangu alitoka Nkubu kwa kaka yangu na kipimo cha dawa ya kuua magugu ya mahindi. Udongo wa kule ni mwekundu, mzito, una samadi. Huishikilia dawa karibu na juu. Shamba letu la Mbeere ni mchanga, na kisima kiko bondeni mwake. Alinyunyiza kipimo kilekile, mvua kubwa ikafuata. Mzee alipopima, hata maharagwe ya futi ya tatu yalikuwa manjano. Akatukataza kunywa maji ya kisima. Akasema pia kwamba maharagwe hayawezi kuamua habari ya maji, akapeleka chupa ya maji yetu Nairobi mwenyewe, yakapimwe.

Siku kumi na tisa tuliteka maji kwa jirani. Binti yangu alikuwa ameshakunywa, na mimi nilikuwa naomba hata nikifagia.

Majibu yalipotoka, siku ya Jumapili, Mzee hakupiga simu. Alisimama mlangoni mwa kanisa letu, karatasi juu, tukiwa katikati ya wimbo. Mchungaji akamruhusu asome: maji ni safi. Tukaenda kisimani na nguo zetu za ibada, naye akaomba kikombe, akawa wa kwanza kunywa.

Tangu hapo, hakuna mkulima anayetoka hapa na kipimo cha dawa kabla udongo wake haujaangaliwa. Hiyo ni kazi ya Mzee.

Asante, Mzee wetu. Mungu akupe magoti ya kulima na magugu machache. Ukipita Mbeere, kikombe chako kiko palepale kisimani. Binti yangu, sasa mwalimu, ndiye atakutekea.