Maisha ya Dada Yetu Shih Pi-chu, Aliyesimama Kati ya Wazee na Vijana wa Karakana

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Lukang kumsindikiza dada yetu, mimi ni Shih Yung-tsai, mdogo wake aliyemfuata kuzaliwa, na kwa niaba ya mume wake, Bwana Ko Cheng-tao, na binti yao I-chen, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake, nanyi naomba mnivumilie hadi mwisho.

Marehemu Shih Pi-chu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967, hapa hapa Lukang, baba yetu akiwa seremala wa madhabahu na mama akipasua chaza kwa ujira, na tangu akiwa mdogo, bibi na mama walipokuwa hawasemezani, yeye ndiye aliyepeleka maneno kutoka jikoni hadi sebuleni, nayo yalifika yakiwa yamepoa.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, akamaliza sekondari ya chini mwaka 1983, kisha akaacha masomo ya mchana ili kaka yetu mkubwa aendelee na yake, akaajiriwa katika kiwanda cha koki za maji cha familia ya Nien, na jioni akapanda basi kwenda shule ya biashara mjini Changhua, ambako alihitimu mwaka 1986, mikono yake ikiwa bado na vumbi la shaba la chumba cha kung'arishia.

Tarehe 6 Januari 1991 alifunga ndoa na Bwana Ko, dereva wa lori, na mwaka 1993 wakajaliwa binti yao wa pekee, I-chen, ambaye yuko nasi hapa mbele.

Mwaka 2008 alipandishwa cheo kuwa msimamizi wa karakana ya kuunganisha koki, na alipostaafu mzee Nien, mwenye kiwanda, mwaka 2014, mwanawe, Bwana Nien Po-han, akaleta vijana wenye vyeti, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote, kwa sababu wazee walifundisha kwa kukaripia, tena kwa Kitaiwani cha nyumbani, na vijana walijibu kwa Kichina cha shuleni bila kuinua macho kutoka kwenye simu, wazee wakaona aibu kuondoka kabla ya mkubwa, vijana wakaona aibu kubaki dakika moja baada ya saa zao, na wakati wa chakula kila upande ukawa na meza yake.

Dada akasimama katikati. Mzee Ku A-hai, ambaye yuko hapa leo, aliposema yule binti anashika spana kama kijiti cha kulia wali, dada alimwendea yule binti, Tu Yu-chen, naye yuko hapa leo, akamwambia mzee anaona una mkono mwepesi, ila ushike chini kidogo, na Yu-chen aliposema mwambie huyo babu mimi si mjukuu wake, dada alirudi kwa mzee akamwambia mtoto anaomba umwonyeshe tena, na mzee, huku akinung'unika, akaenda kuonyesha. Hivyo ndivyo karakana ile ilivyokwenda kwa miaka, vijana wakakaa, wazee wakastaafu kwa wakati wao, na wateja hawakurudisha koki, na Bwana Nien akasifiwa kwenye mikutano ya wenye viwanda kwa kujua kuishi na watu wa rika zote.

Februari 2021 dada alishikwa na maumivu ya tumbo, akalala hospitali siku mbili kwa vipimo, na siku hizo mbili Mzee Ku na Yu-chen wakalazimika kusemezana wenyewe, mzee akauliza mbona leo huniombi nikuonyeshe, binti akajibu kwamba hajawahi kumwomba kitu, na kutoka hapo wakaanza kulinganisha maneno waliyoletewa na dada, mwaka hadi mwaka, hadi karakana nzima ikasimamisha kazi kusikiliza.

Aliporudi Jumatatu alikuta viti vimepangwa bwaloni, wazee na vijana wamekaa pamoja kwa mara ya kwanza, na Bwana Nien akamtaka ajieleze.

"Dada Pi-chu, miaka yote hii umetufanya watoto," alisema Yu-chen.

"Na mimi umenifanya mpole," alisema Mzee Ku. "Mimi sijawahi kuwa mpole."

Dada aliwajibu kwa sauti ya kawaida tu: "Ningewafikishia kama mlivyosema, humu zingebaki mashine tu."

Hakuna aliyemtetea, na wiki ile ile akahamishiwa stoo ya maboksi, kubandika lebo, kwa mshahara ule ule kama Bwana Nien alivyosisitiza kunieleza kwenye simu, na bwaloni meza mbili zikaunganishwa kuwa moja, naye akawa anakula peke yake katikati ya maboksi. Siku moja nilimpelekea supu ya vibonge vya samaki, tukakaa, na kupitia ukutani zikasikika sauti zao kutoka bwaloni.

"Wanacheka, Tsai," aliniambia. "Siku hizi wanacheka."

Nilimtazama usoni, na mpaka leo sijajua kama alifurahi.

Maumivu yalirudi mwaka 2022, mumewe akamsihi aende hospitali, akakataa, akisema mara ya mwisho niliondoka siku mbili nikapoteza kila kitu, safari hii nikirudi nitakuta nini, na alipokubali kubebwa, mwezi Desemba, saratani ya tumbo ilikuwa imekwisha kusambaa, akauguzwa hospitalini Changhua, kisha nyumbani, na asubuhi ya tarehe 9 Mei 2023, I-chen akiwa anamchana nywele, akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakumficha ukweli wala kumharakisha, inawashukuru majirani wa uchochoro wetu, hasa mama wa duka la tambi aliyempikia uji alioweza kuumeza, na inawashukuru wafanyakazi wenzake. I-chen alitaka nyinyi wa kiwandani mzuiwe mlangoni, baba yake akasema waacheni waingie, na mimi nilitakiwa kuandika hapa maneno mengine, laini zaidi, nikashindwa. Mmekuja wazee na vijana kwa basi moja, mmefukiza ubani mmesimama mstari mmoja, na nyinyi wenyewe mnajua ni nani aliyewafikisha hapo.

Dada Pi-chu, hakuna tena upande unaokuita. Pumzika, dada, pumzika kwa amani.